Uani kwa Mama Mzalishaji

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimefika Lubumbashi kutoka Kilwa, juu ya magunia ya samaki wakavu, na shati moja na darasa la nne peke yake. Leo ingia komine ya Kenya (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), uliza fundi wa radiateur za magari, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Nimeona noti za nchi zikigeuka karatasi za kufungia karanga. Nimeona tajiri analala tajiri na kuamka anaomba unga, na maskini, mimi huyu, akiamka na atelier, karakana yake mwenyewe, nyumba za kupangisha, na kamyo iliyoleta samaki kutoka ziwa Mweru kwa barabara ile mbaya. Na bei niliyotajiwa sijawahi kuilipa. Ukiniambia kumi nakupa nne, tunaonana kwenye tano, na bado naondoka nikinung'unika. Sokoni wananijua hivyo.

Kwa hiyo usifikiri naandika habari za mama mzalishaji, mkunga wetu, kwa sababu alinishangaza. Naandika kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda karatasi, na sasa tumeona hasara yake.

Jina alikuwa nalo, lakini mtaani halikuwa na kazi. Wote tulimwita Mama Mzalishaji. Alizalisha kwanza kwenye maternité ya hospitali, na mshahara ulipoanza kuja leo na kupotea kesho, akazalisha nyumba kwa nyumba. Alitembea na mwavuli mweusi, mvua ije isije, jua liwake lisiwake, kwa sababu ule mwavuli haukuwa wa mvua. Ulikuwa wa kugongea milango, kufukuza mbwa, na kuwachapa mapajani wanaume wanaosimama njiani wakati mwanamke anaumwa uchungu.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Mwanamke akilia, yeye alimwambia: "Lia, lakini sukuma. Kulia peke yake hakuzale muntu." Nilisikia wanawake wakiapa kwamba hawatamwita tena, na mimba iliyofuata ilipoingia mwezi wa saba, wakampelekea kuku. Alikuwa Mwislamu wa zile familia zilizotoka Maniema, alifunga Ramadhani yote bila kukosa, na bado nyimbo za kanisa alizijua kuliko waimbaji, kwa sababu kwaya ilifanya mazoezi nyuma ya ukuta wake. Mmoja akikosea sauti, yeye alipiga kelele kutoka uani kwake: "We wa nyuma kule, unatuharibia!" Kwaya nzima ilirudia mwanzo.

Kazi yake kubwa, alivyosema, haikuwa mtoto. Ilikuwa ile nyama inayokuja nyuma ya mtoto, kondo la nyuma. Madaktari wanasema placenta. Sisi mtaani tunasema mwenzake.

— Mutoto akitoka, bote banakimbilia mutoto, alisema. Pua ni ya nani, masikio ni ya nani. Mi naangalia mwenzake. Yeye njo alitumika miezi yote ile, na banataka kumutupa sawa ganda ya ndizi.

Alilitandika kondo katika beseni la buluu, mahali penye mwanga, akaligeuza upande huu na upande ule, akalipapasa vipande vyake na kingo zake na ngozi yake nyembamba, kuhakikisha hakuna sehemu iliyobaki ndani. Kipande kikibaki, mama anavuja damu mpaka anaisha. Mpaka amalize kuangalia, hakuna aliyeruhusiwa kupiga vigelegele. Bibi mmoja alivipiga mapema, akaoneshwa mlango kwa ncha ya mwavuli. Na yule alikuwa mama mkwe.

Mimi mambo hayo niliyaelewa kuliko watu wengi waliosoma, na nitakwambia sababu. Siku moja jua lilimpiga, akaingia atelier yangu, akakaa juu ya kazie, kreti tupu ya bia. Nilikuwa nimefungua radiateur ya lori.

— Papa, hii sanduku inafanya nini?

— Maji ya motere inapita mu bitubu bidogo hibi, Mama. Upepo inapita inje. Moto inatoka ku maji, inaenda ku upepo.

— Kiisha maji na upepo binachangana?

— Apana! Habichangane hata kidogo. Siku bitachangana, motere imekufa.

Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

— Ee Mungu! Miaka yote natafuta namna ya kuelezea bantu hii kitu, kumbe iko mu atelier ya huyu muntu wa Kilwa! Njo mwenzake hii!

Akanieleza. Kondo linashika ukuta wa tumbo la uzazi kama mmea unaoshika udongo. Damu ya mama inakuja upande huu, damu ya mtoto inakuja upande ule kupitia kitovu, zinapita karibukaribu, ngozi nyembamba katikati, na hazichanganyiki. Lakini chakula kinapita. Hewa inapita. Uchafu wa mtoto unarudi kwa mama, mama anautoa. Mtoto mule ndani hapumui kwa mapafu yake na hali kwa kinywa chake. Anapumuliwa, analishwa, anasafishwa, na mwenzake ndiye anayefanya yote hayo. "Ila haina akili ya kuchagua sana," alisema. "Mama akikunywa lutuku, na mutoto anakunywa lutuku." Ile pombe yetu ya mtaani ilikuwa adui yake. Alipita kwenye vibaraza inapouzwa, akihesabu kwa macho matumbo yaliyokaa pale, na wenye matumbo waliweka vikombe chini ya viti.

Tangu siku ile nikawa Papa Radiateur kwake na kwa wateja wake. Wanawake wenye mimba waliletwa atelier kuangalia. Mimi nikishika koleo, yeye akieleza kwa mwavuli. Nisifiche kitu, nilijisikia profesa.

Sasa mambo yake yaliyogongana. Alisema mwenzake ni nyama tu, kazi yake imekwisha, haina roho, haina uchawi. Wanaosema limezikwa vibaya ndiyo sababu mwanamke hazai tena, aliwaita wajinga. Lakini alipolizika, alichimba mwenyewe, akalilaza kitovu kikitazama juu, akasema bismillahi, na mama akiwa Mkristo alingoja na yeye aseme yake. Kitovu kikielekea chini alilitoa na kulilaza upya.

— Mama, si ulisema ni nyama tu?

— Nilisema. Mi siamini hata kidogo.

— Basi unaligeuza kwa nini?

— Na kama iko kweli?

Hapo ujue desturi ya kwetu. Mwenzake wa mtoto anazikwa kwenye parcelle, kiwanja cha nyumbani, na mahali alipolala ndipo mtu anaposema: mimi ni wa hapa. Kwa hiyo mwenye parcelle hakubali mpangaji azike pake. Anaogopa. Leo mpangaji anazika mwenzake, kesho mtoto amekua, anasimama mlangoni anadai ardhi. Nilisikia kwa masikio yangu mwenye nyumba mmoja akimwambia Mama Mzalishaji, na mikono yote miwili ameshika geti:

— Hapa hapana! Mutoto akiwa mukubwa atasema parcelle ni yake.

— Na we ukikufa utaibeba ku kichwa, hii parcelle?

— Mama, niheshimu.

— Nakuheshimu. Mwenzako mwenyewe nilimuzika mi. Alikuwa mudogo, mukavu, sawa we.

Akageuka na beseni lake, akaenda kuzika kwake. Na Kenya imejaa wapangaji. Ndivyo ua wake ulivyopokea wenzake wa watoto wa mtaa mzima, wa Wakasai, wa Wabemba, wa watu wa Maniema, wa sisi tuliotoka ziwani. Aliniuliza siku moja: "Wako iko wapi?" Nikasema Kilwa. "Kilwa wapi?" Nikasema sijui, labda ziwa limeshafika pale. Akanitazama kwa huruma, kitu ambacho hakukizoea. "Basi na we iko mupangaji tu, na majumba yako yote."

Hakuandika popote nani amelala wapi. Alijigusa paji la uso: "Bote biko hapa." Na kweli walikuwepo. Watu wazima aliwatambua si kwa sura, kwa wenzao. "Wako ilikuwa na umbo ya moyo." "Wako ilikatala kutoka, tuliingoja mpaka chai ikapoa." Mara moja nilikuwa naye ndani ya taxi, polisi wa barabarani akatusimamisha, akaanza kutafuta kosa: taa, kioo, karatasi, uso wa dereva. Mama Mzalishaji akashusha kioo.

— We si mutoto wa yule mama wa mikate?

— Ndiyo, Mama.

— Mwenzako iko kwangu, karibu na jiko. Tukichelewa hapa, nikifika nitamuchimbua, nitamugeuza kichwa chini.

Polisi alirudisha karatasi kwa mikono miwili. Dereva alicheka mpaka soko. Mama hakucheka. Aliniambia polepole: "Bo banaamini. Mi apana."

Na mimi pia nilikuwa mpangaji wake kwa namna hiyo. Hili siliongei sana.

Wakati ule nilikuwa bado na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya nyumba ya mtu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, imeingia mwezi wa nane, tumbo zuri, mtoto anacheza. Asubuhi moja alikuwa anafua. Maumivu yakamshika na hayakumwacha, si kama uchungu unaokuja na kuondoka. Tumbo likawa gumu kama ubao. Damu ilikuwa kidogo tu, nyeusi. Mama Mzalishaji alifika, akaweka mkono, akaweka ile pembe yake ya kusikilizia, akainamisha sikio. Aliinama muda mrefu. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele, akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, wakanyamaza.

— Hii haiko kazi yangu. Taxi, mbiombio.

Dereva alitaja bei yake, na kabla sijafungua kinywa Mama alikuwa amefungua fundo la kitenge chake na kulipa. "Leo hakuna kubishana," alisema.

Kwenye hospitali kubwa walimwokoa mke wangu. Ili kumwokoa, tumbo la uzazi walilitoa, damu ilikuwa haikubali kusimama. Mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla ya kufika. Mvulana. Mama Mzalishaji alinikuta kwenye veranda, akasimama mbele yangu, hakunishika bega.

— Mwenzake ilijibandua mbele ya wakati. Damu ilijaa kule nyuma, njo maana inje tuliona kidogo. Papa Radiateur, we unaelewa. Motere ilikuwa inazunguka, na bomba ikachomoka.

Nilielewa. Yeyote mwingine angeniambia ni mapenzi ya Mungu, ningempiga. Nikauliza kama mke wangu alibeba kitu kizito, au kuna mtu alituendea kwa mganga.

— Hakuna muntu. Bibi yako hakukosa kitu. Saa ingine inajibandua, na hatujue sababu. Na mi sijue.

Ni mara pekee niliyomsikia akisema hajui.

Kwetu mtoto wa namna ile ni kazi ya wanawake wazee. Baba hachimbi. Mama haoneshwi, haambiwi mahali, ili asiende kukaa pale na kunyauka. Mwenye nyumba wangu alikuwa amesimama getini hata kabla hatujafika, mikono imefungwa kifuani. Mama Mzalishaji hakumsalimu. Alipita na mtoto amefungwa kwenye kitenge, na mwenzake ndani ya beseni la buluu. "Balikuwa pamoja, nitabalalisha pamoja," alisema, na akaingia uani kwake. Mimi nilibaki nje ya ukuta. Nilisikia jembe. Nyuma, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na siku ile mmoja alikosea sauti mara nyingi na hakuna aliyempigia kelele.

Alitoka, akaosha mikono kwa limau.

— Imekwisha, Papa. Iko pahali pazuri. Usiniulize.

Sikumuuliza. Niliona hakuna haja. Kichwa kile kilikuwa kimebeba mtaa mzima, kitashindwa na mmoja?

Mali ilikuja baadaye, na unaijua. Watoto hawakuja, na sasa unajua kwa nini. Ndugu zangu walinishauri nitafute mwanamke mwingine. Niliwaambia wanitafutie kwanza mwanamume mwingine wa kuwalipia karo za watoto wao. Mke wangu alijenga desturi yake. Jumapili alikwenda kumsuka nywele Mama Mzalishaji, pale uani, kwenye kigoda. Hakuuliza kitu. Alisuka, na macho yake yalitembea ardhini, kutoka jikoni mpaka ukuta, kutoka ukuta mpaka mlimau. Mama naye hakusema. Lakini mgeni yeyote akitaka kumwaga maji ya moto ule uani, mwavuli ulimfikia. Na kufagia alifagia mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefagia chumba walimolala watu.

Kisha akaanza kusahau sufuria kwenye makaa. Akasahau mwavuli, tukamrudishia. Siku moja alikutwa kwenye avenue yake mwenyewe, anauliza avenue yake iko wapi. Mwanawe anakaa Likasi, mtu mzuri, simlaumu. Alikuja kumchukua akae naye, na parcelle akaiweka sokoni. Mnunuzi alipatikana haraka: mfanyabiashara anayetaka kujenga depo ya saruji, afunike ua wote kwa zege.

Habari mke wangu aliipata sokoni. Alikuja atelier mchana, yeye ambaye haji, akasimama katikati ya vyuma na kikapu mkononi.

— Papa, bataweka béton juu ya mutoto wangu.

Nikamwambia aketi, asilie, mimi nipo. Hesabu yangu niliifanya palepale: kipande kidogo kinatosha, ukanda wa ukutani au wa jikoni, tunauzungushia ukuta, depo ijengwe kwingine. Mwana wa Mama Mzalishaji alikubali. "Hakuna matata, Mzee. Muonyeshe tu ni wapi, tunakata." Pesa ya kipande niliiweka kwenye mfuko wa shati. Na pale nilikuwa nimepanga kuipunguza.

Tulimkuta amekaa uani juu ya kazie, mizigo yake imefungwa mlangoni. Nywele alikuwa amesukwa Jumapili iliyopita. Aliniona, akafurahi.

— Papa Radiateur! Motere haijakufa?

— Haijakufa, Mama. Tumekuja kukuuliza. Mutoto wetu, na mwenzake. Ulibalalisha wapi?

Aliinuka bila kusaidiwa. Akashika mwavuli, akatembea moja kwa moja mpaka ukuta wa kanisa, akachoma ncha ardhini. "Pale." Nikapumua. Mwana wake akaleta kigingi. Kisha Mama akakunja uso.

— Apana. Pale ni ya bale mapacha.

Akaenda jikoni, akachoma. "Hapa." Akasimama. "Apana, hapa ni ya yule polisi." Akaenda kwenye mlimau. Akaenda getini. Kila mahali alichoma kwa nguvu zilezile, kama mtu asiyekosea, na kila mahali palikuwa pa mtu mwingine, au hakumaliza kusema pa nani. Mwishoni akasimama katikati ya ua na mwavuli ukining'inia mkononi, anaangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano.

— Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?

— Mwanaume, Mama, mke wangu akajibu.

— Alikuwa na nywele?

— Sikumuona, Mama. Hamkunionyesha.

Mama akamshika mkono.

— Mi nilimuona. Alikuwa na nywele mingi. Mingi sana.

Mke wangu alikuwa hajaambiwa jambo hilo miaka yote. Kama zilikuwa nywele za mwanetu au za mtoto mwingine, hakuna wa kutuambia. Alifunika kinywa kwa kitenge, akatikisa kichwa kama anayekubali. Mama Mzalishaji akawa anampapasa kiganja, akatabasamu.

— Na sasa iko mukubwa?

Nyuma ya ukuta hakukuwa na kwaya. Ilikuwa siku ya kazi. Mke wangu akaondoa kitenge kinywani.

— Iko mukubwa, Mama.

— Muzuri. Amusalimie baba yake.

Akarudi kwenye kazie yake, akakaa. Mwanawe alikuwa bado ameshika kigingi. Akanijia polepole, kwa adabu, kwa sababu gari la Likasi lilikuwa linangoja.

— Sasa, Mzee, tukate kipande gani?

Niliangalia kutoka jikoni mpaka ukuta, kutoka ukuta mpaka mlimau. Mke wangu hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa amesimama palepale, hataki kusogeza mguu, hajui anakanyaga nani.

— Yote, nikasema.

Akataja bei, bei ya yule wa saruji na kidogo juu yake, kisha akangoja. Kenya nzima inanijua, hata watu wa Likasi wamesikia. Alingoja niseme nne kwa kumi. Wiki ile niliuza kamyo yangu ya samaki, gari lenyewe, nikaongezea akiba, nikampelekea alichotaja, noti juu ya noti: dola elfu kumi na sita, mia saba na hamsini.